Kwa nini hekalu la mchezo wetu linalaza wageni bure

Wateja wanaokodi michezo yetu ya hadithi hapa Goma, ile ya mezani ambayo msimulizi anaongoza na wachezaji wanakuwa wahusika, wanatuuliza sana: mbona hekalu la mlimani linalaza wasafiri bure, na kila kitu kingine mchezoni kina bei? Vikundi vingi vinafika pale usiku, vinatupa dadu ili majeraha yapone, na kukikucha vinaondoka. Wanaligeuza hoteli, na hadithi inapoa papo hapo.

Hekalu lenyewe ni la kubuni, na mungu wake vilevile. Ukarimu wake tumeutoa kwenye mambo ya kweli. Mtakatifu Benedikto, aliyewaandikia watawa kanuni huko Italia katika karne ya 6, aliagiza jiko la abate na wageni liwe peke yake, kwa sababu mgeni hana saa. Mlangoni akae mzee mwenye busara. Mtu akipiga hodi, mzee amshukuru Mungu kwanza. Vyote viwili vipo kwenye ramani yetu. Tazameni vizuri nyuma ya ukuta wa mawe ya volkano: kuna kinjia chembamba kinachotoka getini hadi jikoni, ili anayefika saa nane za usiku apate bugali na maharagwe bila kuwasumbua wanaosali. Msimulizi mzuri akikiona kinjia hicho, anajua nani atapitishwa humo kwa siri.

Milango minne ya hekalu letu tumeitoa kwenye Hekalu la Dhahabu la Masingasinga, Amritsar, India, ambako mtu wa dini yoyote anakula bure. Mchezoni maana yake ni kwamba adui yenu naye anaingia, anaacha silaha yake mlangoni kama ninyi, na mnakaa naye benchi moja. Humo ndani hakuna kupigana.

Na watu wa Goma tunayajua haya bila kusimuliwa. Volkano yetu ya Nyiragongo ilipolipuka Mei 2021, familia nyingi zilikimbia, na huko zilikofika wengi walilala makanisani na mashuleni. Ndiyo maana hatutaki kuweka bei mlangoni hata kidogo.

Lakini bure haina maana ya kukaa tu. Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, nasi tumeifanya kuwa sheria. Usiku wa kwanza hakuna anayekuuliza jina wala safari yako. Usiku wa pili unasimulia ulikotoka, na ukidanganya, msimulizi anaweka kumbukumbu. Siku ya tatu unapewa kazi: kuchota maji, kurekebisha ukuta, au kumpokea mzee zamu ya mlangoni. Chagueni zamu ya mlangoni. Kuna mtu atapiga hodi huku wanaomfukuza wanasikika karibu, na uamuzi wa kumfungulia utakuwa wenu. Kwetu sisi, hiyo ndiyo saa tamu kuliko zote za mchezo huu.

Mkitaka kuucheza, tuambieni mapema kama kuna watoto. Tuna toleo fupi lisilo na handaki la laana. Msimulizi wetu anakuja na ramani, kadi za wageni na dadu. Ninyi tayarisheni meza pana, jioni nzima isiyo na haraka, na taa yenye chaji, maana umeme unaweza kukatika mkiwa bado mlangoni.