Barua ya wazi kwa Daktari wa Mifugo wa wilaya yetu: sisi tusiokula nguruwe pia tumo

Mheshimiwa Daktari,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni Mwislamu, nakaanga rolex, yaani mayai yanayokunjwa ndani ya chapati, karibu na stendi ya mji wetu huu wa mpakani, mashariki mwa Uganda. Nguruwe sijamwonja maishani, lakini leo nakuandikia habari zake.

Mtaani watu wanaamini asiyekula nguruwe hana haja ya kumwogopa tegu, yule mnyoo wa nguruwe. Si kweli. Anayekula nyama ya nguruwe isiyoiva yenye vifuko vyeupe vya vijidudu vya tegu hupata tegu tumboni, basi. Kifafa kinachotokana naye huletwa na mayai yake, na mayai hutoka kwenye kinyesi cha binadamu. Yanafika shambani, kwenye maji ya kumwagilia, kwenye mikono isiyonawa. Nikikata kabichi mbichi bila kuiosha vizuri, nikaikunja ndani ya chapati, nimemlisha mteja. Vijidudu vikishaanguliwa hupita kwenye damu hadi ubongoni. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mahali pengi ambako nguruwe huzurura kati ya watu, asilimia 30 ya kifafa chanzo chake ni huyu tegu. Na sisi bado mgonjwa tunamtafutia mchawi!

Kabichi naosha, jani kwa jani, kwa maji yanayotiririka. Nguruwe siwezi kuwafungia mimi. Kila alfajiri nawaona nyuma ya nyumba za kupanga zisizo na choo, wakila kilichoachwa pale usiku.

Halafu kuna hili la ulimi. Mnunuzi humvuta nguruwe ulimi, akaupapasa. Akikuta vivimbe, anakataa. Mwenye mali naye humchinja uani gizani, na nyama inauzwa bila mhuri wa mkaguzi. Isitoshe, ulimi safi si ushahidi kwamba nyama ni safi, maana vifuko vikiwa vichache huwezi kuvigusa.

Daktari, dawa ipo. Dozi moja ya oksifendazoli, miligramu 30 kwa kila kilo ya nguruwe, huua vifuko kwenye misuli. Naomba iwafikie wafugaji wadogo kwa bei wanayoiweza, na waelezwe kwamba hawaruhusiwi kuchinja kabla muda wa dawa haujaisha. Naomba pia mkae na wenyeviti wa LC1, yaani mabaraza ya vijiji, kuhusu vyoo, kwa sababu nguruwe aliyetibiwa akirudi kule nyuma atakula mayai yale yale.

Kibandani nafika saa kumi na moja alfajiri. Njoo na wakaguzi wako siku yoyote, nitawapeleka nyuma ya zile nyumba kabla hakujapambazuka.

Wako kwa heshima,
Mama rolex wa stendi