Binamu, acha kuhesabu ushindi peke yake: jedwali la Kenya Cup linasomwa hivi

Binamu yangu mpendwa,

Umezoea kandanda, ndiyo maana jedwali la Kenya Cup, ligi kuu ya raga ya Kenya, linakuchanganya. Timu mbili zimeshinda mechi sawa, lakini moja iko pointi tano mbele. Hizo tano ni za bonasi, na mara nyingi ndizo zinazoamua msimu.

Ushindi ni pointi 4, sare 2. Ukifunga trai 4 (trai ni kugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani) au zaidi unaongezewa 1, hata ukishindwa. Ukishindwa kwa alama 7 au chini ya hapo, unapata 1 nyingine. Kwa hiyo aliyelazwa 33-29 akiwa na trai 4 anaondoka na pointi 2, sawasawa na aliyetoka sare.

Sasa twende dakika ya 79. Timu yako iko nyuma 27-17, imepewa penalti mita 25 kutoka kwenye nguzo; ikipita kati yake ni alama 3. Mashabiki wanataka mpira upigwe nje, watu wakatafute trai. Nahodha anaonyesha nguzo. Wasimzomee! 27-20 ni tofauti ya 7, na pointi hiyo inahesabiwa. Mpigaji ana sekunde 60. Azitumie: dakika 80 zikiisha kabla hajapiga, mpira ukipita nguzoni mechi imekwisha. Akiharakisha, wapinzani wataanzisha tena kwa mkwaju wa katikati, na hapo ndipo mambo huharibika. Mpokeaji anaudondosha mbele, inakuwa skramu yao (mafowadi wa pande mbili wanasukumana kugombea mpira), upande wenu unaiporomosha, wanapewa penalti, 30-20. Pointi imeyeyuka.

Trai ya nne nayo ina hesabu yake. Ukiongoza 26-6 kwa trai 3, penalti ya karibu usiipeleke nguzoni. Ipige nje karibu na kona, uchukue lainauti (mpira unarushwa kutoka pembeni kati ya mistari miwili ya wachezaji) na moli (kundi linalomsukuma mwenye mpira mbele). Kinachoharibu hapo ni mrusho uliopinda, au mtu kuingilia moli ubavuni badala ya nyuma.

Kwa nini kuhangaikia pointi moja? Kwa mfumo uliozoeleka, sita bora huingia mchujo: kwenye robo-fainali wa 3 humkaribisha wa 6, wa 4 humkaribisha wa 5. Wa 1 na wa 2 wanasubiri nusu-fainali, nyumbani. KCB walitwaa taji 2017, 2018 na 2019. Kabras 2016 na 2022. Sasa fikiria kumfuata Kabras hadi Kakamega, au KCB kule Ruaraka, wiki moja tu baada ya kutoka robo-fainali.

Mechi hiyo ya ziada huwalemea mapropu na huka, wale watatu wa mstari wa mbele kwenye skramu. Kikosi cha wachezaji 23 lazima kiwe na akiba ya kila nafasi ya mstari wa mbele. Wawili wakiumia kwenye robo, kocha anaingiza chipukizi. Na wakimwishia kabisa uwanjani, refa anaamuru skramu zisizosukumana, na timu iliyojengwa juu ya mafowadi wazito haina tena silaha yake.