Ficha mwandiko wake

Mwanangu mpenzi,

Ile picha ya vocha ya malipo ya ujenzi wa zahanati uliyonitumia jana usiku nimeitazama mpaka macho yakaniuma. Najua furaha yako. Ni stori yako ya kwanza kubwa. Lakini mimi nimekuwa karani wa masijala miaka 26, na nilipoiona tu moyo ulinipasuka. Pembeni kuna hesabu za kalamu, na saba iliyokatwa mstari katikati. Ofisini, mwanangu, kila mtu anaijua saba ya mwenzake. Juu kuna nambari ya faili, na faili halitoki masijala bila mtu kutia sahihi daftarini. Aliyekupa karatasi hiyo atajulikana kabla ya chai ya saa nne.

Wakati wa sakata la Goldenberg ulikuwa hujazaliwa. David Munyakei alikuwa karani tu, kijana wa Benki Kuu. Aliona kampuni moja ikilipwa na serikali fidia ya asilimia 35 kwa dhahabu na almasi eti imeuza nje, katika nchi isiyochimba almasi. Nakala alizozitoa ziliwafikia wabunge, na mwaka 1993 Kenya nzima ikaamka. Yeye akakamatwa, akafutwa kazi. Miaka kumi na zaidi baadaye alipewa tuzo ya uadilifu, lakini kazi hakurudishiwa. Alikufa maskini mwaka 2006. Majina ya wakubwa wa sakata lile yanatajwa hadi leo. Lake ni wachache wanaolikumbuka, na hilo huniuma kuliko pesa zilizopotea.

Basi picha hiyo isitoke gazetini, hata kipande. Chukua kiasi, tarehe na jina la kampuni, kisha uvitafute kwingine: ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, msajili wa kampuni, wazee wa kijiji. Nenda mwenyewe kwenye hiyo zahanati iliyolipiwa. Kama ni ng'ombe wanaolisha mahali palipolipiwa kuta, wapige picha hao. Mhariri akikuharakisha, mwambie bado. Gazeti lingine likikutangulia, acha likutangulie.

Na huyo mtu asikupigie tena kwa simu ya ofisi. Umesema ana watoto watatu.

Ukimaliza kuandika, niletee kwanza kwa mkono, usitume. Nitaisoma kwa macho ya bosi wake.

Mamako