Shukrani kwa kaka wa bodaboda pale Muhimbili

Kaka, jina lako sikuuliza, na hilo linaniuma. Ni wewe mwenye koti la kijani lililofifia mabegani, uliyenishusha getini siku moja kabla rafiki yangu hajaingia MOI, taasisi ya mifupa na ubongo hapo hospitali ya Muhimbili, kutolewa uvimbe kwenye ubongo. Ndugu tuliombwa kuchangia damu. Mimi nanyonyesha, nikakataliwa. Mumewe presha ilikuwa juu (ningeshangaa isingekuwa juu). Ukanikuta nje nikibembeleza watu kwenye simu, ukazima pikipiki.

"Dada, mimi nachangia. Twende."

Ukalala pale na helmeti tumboni, ukitazama dari, mpaka mfuko wa damu ukajaa. Soda uliinywa. Biskuti ukaitia mfukoni: "Ya mwanangu." Nauli ukaikataa, ukarudi kijiweni kama mtu aliyetoka kununua vocha tu.

Shoga yangu yu hai. Nywele zinaota upya kuzunguka mshono, mkono wa kushoto bado mzito, ila ulimi umerudi na matusi yake yote. Anakuulizia kila siku. Elfu mbili yako ninayo, nimeikunja ndani ya kitambulisho changu.