Barua ya wazi kwa Gavana wa Colorado: tutafutieni majina ya watu wa Dearfield

Mheshimiwa Gavana, shikamoo. Najua Kiswahili hukisomi ila huku Greeley, mji wa hapa Colorado, Marekani, tunaokisoma tuko wengi na wa kukutafsiria hawakosekani, kwa hiyo naandika hivi hivi nilivyozoea.

Mi ni mtu wa shifti ya usiku, kiwanda cha nyama. Siku ya ofu kama gari ina mafuta huwa najiendea zangu haiwei 34 kuelekea mashariki, nyasi tupu mpaka macho yanachoka. Kama maili 30 hivi kuna nyumba za mbao mbili tatu zimechakaa pembeni ya barabara, mara ya kwanza nikadhani zizi la mtu, kumbe ni Dearfield, kumbe palikuwa na kijiji cha watu weusi hapo, walikuja kulima nyika hii na wakalima kweli.

Nikaanza kufuatilia. Aliyekianzisha ni Oliver Toussaint Jackson, na hapa ndo unapoingia wewe mheshimiwa, maana huyu bwana alikuwa tarishi kwenye ofisi ya gavana, hiyo hiyo unayokalia. Mwaka 1910 Gavana John Shafroth akamsaidia kupata ardhi, ekari 320. Jina alilitoa Dokta Westbrook wa Denver, maana yake kama shamba la kipenzi hivi. Majira ya baridi ya kwanza walikuwa familia 7, zenye nyumba ya mbao 2 tu, waliobaki wako kwenye mahema na mashimo ya kuchimba kilimani, kuni hamna, wanachoma vichaka na mavi makavu. Mi baridi ya huku naijua, nina hita ndani na bado nalalamika.

Halafu maji. Mto South Platte uko pale karibu kabisa, lakini sheria ya maji ya Colorado ni aliyewahi ndo mwenye haki, na hawa walifika wakati bondeni kote kumeshachukuliwa zamani, wakabakiziwa ardhi ya juu, ya kusubiri mvua. Yaani unauona mto ila maji si yako. Pamoja na hayo wakavuna ngano, mahindi, maharage, matikiti, na kufika kama 1920 walikuwa watu kati ya 200 na 300, wana shule, makanisa, hoteli, sheli, mhunzi, na ukumbi wa kudansi. Vita Kuu ya Kwanza ilipoisha bei ya mazao ikaanguka, miaka ya 30 ukaja ukame na dhoruba za vumbi, na 1940 wakahesabiwa 12. Jackson alikufa 1948.

Sasa ombi langu. La majengo sisemi sana, kijiji kiko kwenye rejista ya taifa ya maeneo ya kihistoria tangu 1995, maprofesa wa chuo kikuu cha hapa Greeley wamechimba na kuandika, makumbusho ya Black American West Museum ya Denver nayo ina ploti pale, Mungu awabariki wote. Ila ukiuliza nani waliishi hapa unatajiwa Jackson, Jackson, Jackson. Yule mama aliyepitisha baridi kwenye shimo na watoto anaitwa nani? Wajukuu zake wako wapi?

Na karatasi zipo mheshimiwa, si kwamba hazipo. Ile ardhi ya serikali mtu hakupewa hati mpaka athibitishe kwamba ameishi pale na kulima, na ilibidi alete mashahidi, mara nyingi majirani, wanaulizwa nyumba yake ikoje, amelima ekari ngapi, familia ina watu wangapi. Yaani jirani anamsimulia jirani, kila kitu kimeandikwa, na mafaili hayo yanatunzwa na nyaraka za taifa. Kuna sensa ya 1920 nyumba kwa nyumba. Kuna kadi za wanaume waliosajiliwa ili waweze kuitwa jeshini 1917 na 1918. Naomba jimbo liwalipe watu wawili watatu, hata mwaka mmoja tu, wazikusanye, wazipige skani, waunganishe nani ni mtoto wa nani, halafu wapite Denver kugonga milango ya familia zenye maboksi ya picha za bibi kabla hayajatupwa. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1930 leo angekuwa kapita 100, kwa hiyo haraka yangu uielewe.

Utauliza Mrundi hili linamhusu nini. Mi nimekulia Mtabila, Kasulu, Tanzania, kambi ya wakimbizi iliyofungwa mwishoni mwa 2012. Tulikuwa na soko, kwaya, timu za mpira, ugomvi wa foleni ya maji. Sa hivi ni mahame. Lakini nikimpigia mtu wa rika langu aliyeko Texas au Bujumbura ananitajia majirani wote mpaka yule mzee wa baiskeli, mmoja mmoja, maana bado tupo. Wa Dearfield wa kupigiwa simu hawapo tena, zimebaki hizo karatasi tu.

Ukitaka kwenda kupaona mwenyewe mi siku ya ofu nakupeleka. Njoo na koti, na maji yako ya kunywa beba kabisa.