Fedha za uzamili ziwakutanishe mhandisi na daktari wa ubongo

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi wa vifaa tiba hapa Mtwara, mwaka wa 17 huu. Naomba nafasi niseme jambo kuhusu ufadhili wa masomo ya uzamili.

Siku moja niliitwa hospitali moja ya huku Kusini kuangalia mashine ya EEG, ile inayopima umeme wa ubongo. Bibi mmoja kutoka Newala alikuwa amemleta mjukuu wake wa kidato cha pili, anayeanguka kifafa darasani. Wakamfumua misuko yote, wakampaka jeli, wakabandika elektrodi, vidude vya kunasa umeme huo. Skrini ikatoa mistari minene, imeshonana kama mkeka. Daktari akasema mashine ni mbovu. Haikuwa mbovu. Ule ulikuwa umeme wa ukutani, mizunguko 50 kwa sekunde, umeufunika umeme wa ubongo ambao ni makumi tu ya sehemu za milioni za volti. Waya wa ethi, unaopaswa kufika ardhini, uliishia ndani ya ukuta. Nilipoufikisha ardhini, mistari ikatulia, lakini ilishafika saa kumi jioni. Bibi alikuwa ameshawahi basi, binti nywele timtim chini ya mtandio.

Daktari yule ni hodari, ila hakufundishwa ethi. Mimi nami sikufundishwa kifafa. Ile mistari iliyotulia nisingeweza kumsomea mtu.

Marekani, tangu 1998, Taasisi ya Taifa ya Sayansi ilitoa ruzuku zilizoitwa IGERT: wanafunzi wa uhandisi, biolojia na fani nyingine wasome pamoja, na posho ya kuishi wapewe. Baadhi ya ruzuku hizo zilikwenda kwenye uhandisi wa neva, yaani uhandisi unaohusu ubongo na mishipa ya fahamu. Na ni Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mwanafunzi mmoja akishirikiana na wahandisi, walikobuni vibanio vya elektrodi vinavyokaa katikati ya mistari ya nywele zilizosukwa. Yule binti wa Newala pengine asingefumuliwa.

Kwetu Tanzania, kutoka Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hadi chuo cha tiba cha Muhimbili ni safari ya daladala tu. Naiomba COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, na halmashauri zetu zinazokusanya ushuru wa korosho, zifadhili wanafunzi wawili wawili: mhandisi na daktari, utafiti mmoja, wasimamizi kutoka vyuo vyote viwili, na miezi kadhaa katika hospitali za Lindi na Mtwara. Posho iwatoshe, wasilazimike kutafuta vibarua.

Wa kwanza watakaoletwa huku, chumba ninacho nyumbani kwangu.

Fundi wa vifaa tiba,
Chikongola, Mtwara