Mapovu kwenye kioo huanzia ghalani

Mhariri,

Kioo cha gari kikifanya ukungu mweupe pembeni au kikatoa mapovu, lawama humwangukia fundi aliyekipachika. Mara nyingi kosa limefanyika ghalani, kabla filamu, yaani karatasi ya plastiki inayounganisha vioo viwili, haijalazwa kati yake.

Filamu inayotumika zaidi ni ya plastiki iitwayo PVB, yenye unene wa milimita 0.38 au 0.76. Inanata yenyewe kwa yenyewe, na inanyonya unyevu kama chumvi. Kwa hiyo rola la filamu iliyoviringishwa, lisilotenganishwa kwa nailoni kati ya mizunguko, huwekwa chumba baridi, chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Likipata joto, mizunguko hugandana, na ukilivuta filamu inatanuka au kuchanika. Lenye nailoni linavumilia joto la kawaida, mradi lisipigwe jua.

Unyevu ndani ya filamu unatakiwa uwe takriban asilimia 0.4 hadi 0.5. Ukizidi, filamu haishiki kioo vizuri, na kioo kikipata joto maji hayo huacha mapovu. Wengi hudhani basi kadiri inavyokauka ndivyo bora. Sivyo! Filamu iliyokauka mno hushika kupita kiasi; kitu kizito kikigonga kioo, haipati nafasi ya kujivuta, inapasuka pamoja nacho. Hapo aliyekaa nyuma ya kioo hana kinga.

Tunawasihi wenye karakana waache kufungua mfuko wa alumini unaohifadhi rola ukiwa bado wa baridi. Rola lililotoka chumba baridi hutoka jasho kama chupa ya maji iliyotolewa friji, na jasho hilo likipata filamu linaingia. Liacheni na mfuko wake saa 24 au zaidi, hadi baridi yote iliishe, mpaka katikati. Chumba cha kukatia kiwe na nyuzi 18 hadi 20, na unyevu wa hewa asilimia 25 hadi 30.

Linalobaki lirudi kwenye mfuko wa alumini siku hiyohiyo, mdomo uzibwe kwa joto, pakiti mpya ya kukausha unyevu ikiwa ndani. Nailoni ya kawaida haitoshi, mvuke hupenya polepole. Rola lisilazwe sakafuni: uzito wake hubonyeza upande mmoja, na filamu inatoka na mawimbi. Litundikwe kwa bomba lake la katikati.

Filamu ya EVA, plastiki ya aina nyingine, haihitaji chumba baridi, ila nayo ifungwe vizuri na iepushwe na jua.

Ni sisi,
Mafundi wa vioo